Shajara ya chumba cha chini: kukarabati handaki la nyumbani, Aargau, Uswisi

Januari, wiki ya pili

Barua ya halmashauri imefika. Mkaguzi wa vyumba vya kujihifadhi atapita mwezi wa 5. Chumba kiwe kinapitika, mitambo iwe inafikika, na mwenye nyumba awepo. Kwenye makaratasi mwenye nyumba bado ni baba mkwe, lakini magoti yake hayataki tena ngazi za chini, kwa hiyo kazi imeniangukia mimi. Naandika hapa nijue nini kimefanyika na nini kimebaki. Naandika pia kwa ajili ya wenzangu wa Mwanza, ambao nikiwaambia nina handaki la nyuklia chini ya jiko wanacheka na kubadilisha mazungumzo.

Kwa asiyeijua nchi hii: Uswisi ilipitisha sheria mwaka 1963 iliyowataka wajenzi wa nyumba waweke mahali pa kujificha iwapo vita vya nyuklia vitatokea Ulaya. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi inaweza kukataa kupigana, ila haiwezi kulikataza vumbi lenye mionzi lisivuke mpaka. Leo kuna vyumba vya namna hii zaidi ya 360,000, vyenye nafasi karibu milioni 9, yaani kila mkazi ana yake. Siku hizi anayejenga nyumba ya familia moja kwa kawaida hulipa mchango badala ya kumwaga zege. Yetu ni ya 1976, na zege lilimwagwa kwelikweli.

Chumba kina nafasi 8, mita ya mraba 1 kwa kila mtu, na pembe ya mashine ya hewa. Kuna mlango wa zege, na upande wa bustani kuna tundu la kutokea dharura lenye kifuniko chake. Siku zote kimekuwa stoo: viazi, jamu za mama mkwe, mvinyo, skii za watoto. Sheria inaruhusu, mradi chumba kiweze kuwekwa tayari ndani ya siku 5 amri ikitoka.

Nimeshuka na tochi. Harufu ya ukungu ilinipokea mlangoni. Kipima unyevu kinasema asilimia 84. Kuta ziko imara, hazijapinda wala kupasuka vibaya, na nikazipa alama nzuri hapo hapo. Halafu nikagusa mpira wa mlango, nikagusa bomba la mashine, nikagusa bawaba za kifuniko cha dharura. Kila kinachopitisha hewa au kuizuia kimechoka. Kazi yote iko hapo.

Januari, mwishoni

Vitu vyote vimetoka. Mvinyo umehamia gereji, jamu ziko juu. Nyuma ya rafu nimeona mambo mawili niliyoyatarajia na moja nisilolitarajia: chumvi nyeupe imechanua ukutani kimo cha goti, kutu imetokeza darini mahali nondo ilipo karibu mno na uso, na waya wa intaneti unapenya ukuta wa nje. Tundu la waya limezibwa kwa povu la dawa ya kopo, lile la madirisha.

Baba mkwe anakumbuka fundi aliyekuja kuweka waya huo. Alitoboa, akapuliza povu, akachukua hela yake. Mzee alidhani povu likikauka ni sawa na saruji.

Februari, Jumatano ya kwanza

Leo saa 7:30 mchana ving'ora vimelia nchi nzima, kama ilivyo kila Jumatano ya kwanza ya Februari. Sauti inapanda na kushuka kwa dakika nzima. Siku ambayo si ya majaribio, maana yake ni: fungua redio, fuata maelekezo, wajulishe majirani. Wanaoishi chini ya mabwawa wana mlio wao mwingine, mzito, unaorudiwa mara 12.

Mama alikuwa kwenye simu, akasikia.

"Mwanangu, ni nini hicho? Kuna vita huko?"

"Hapana Mama, wanajaribu tu."

"Wanajaribu vita?"

Nikamweleza ving'ora, nikamweleza na chumba ninachokarabati. Hakucheka. Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ililenga matangi ya mafuta ya Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa watu. Mama alikuwa binti mdogo. Anasema walichimba handaki nyuma ya nyumba, masika ikalijaza, bata wakahamia. "Basi wewe angalia maji," akaniambia. "Bomu huenda lisije. Maji yatakuja."

Nimeandika ushauri huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi, juu ya vipimo vyote.

Februari, katikati

Mlango. Uwazi wake ni sentimita 80 kwa 185, na unene wa zege ni sentimita 20. Ukipiga hesabu, zege peke yake linapita kilo 700 kabla hujahesabu chuma. Hata hivyo bawaba zikiwa nzima mtoto anausukuma kwa mkono mmoja. Wetu ulihitaji bega langu na la shemeji.

Nilianza na bawaba. Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia. Niliilainisha kwa mafuta mepesi, nikaifuta, nikajaza mpya hadi ile chafu ikatoka yote upande wa pili. Hendeli mbili za kukazia zilikuwa na kutu ya juujuu: brashi ya waya, msasa, rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya kijivu. Rangi isiguse mahali chuma kinaposuguana na chuma.

Mpira ndio ulionipa kazi. Mtu mmoja, zamani, alipopaka fremu rangi aliona bora aupake na mpira. Mpira uliopakwa rangi haubonyei. Unapasuka vipande vipande. Nilitaka kujua ubovu umefika wapi kabla ya kuagiza mwingine, kwa hiyo nilipaka chaki ukingo wote wa fremu, nikafunga, nikakaza hendeli zote mbili, nikafungua. Mpira mzima ungetoka na mstari mweupe usiokatika. Wangu ulitoka na mstari juu na pande zote mbili, lakini chini, upande wa bawaba, kulikuwa kutupu kwa urefu wa kiganja. Hapo hewa inaingia itakavyo.

Mpira mpya nimeagiza wa aina iliyoidhinishwa. Hapa vipuri vya vyumba hivi havinunuliwi popote tu: kila kimoja kinapimwa kwanza, na maabara ya serikali iliyoko Spiez ndiyo inayopima. Bei inauma. Niliona mpira wa milango ya magari unaofanana nao kwa macho, kwa robo ya bei, nikaurudisha rafuni. Shinikizo ambalo vyumba hivi vimejengewa ni bar 1, sawa na tani 10 juu ya kila mita ya mraba. Mpira wa gari haujaahidi kitu kama hicho.

Wakati nasubiri, nimesafisha mfereji wa mpira kwa patasi butu na spiriti. Mpira mpya ukikaa utapakwa poda ya talki, basi. Mafuta na grisi vinauvimbisha na kuuozesha.

Jambo la kando, maana shemeji aliuliza kama milango hii imewahi kujaribiwa kwa uzito wa kweli. Mjini Lucerne kuna handaki la barabara la Sonnenberg, lililofunguliwa 1976, mwaka ule ule wa nyumba yetu. Lilipangwa lihifadhi watu 20,000. Mwaka 1987 walifanya zoezi kubwa la kuliandaa, na mmoja wa milango yake mikubwa ukagoma kufungika sawasawa. Kila mmoja una uzito wa tani 350. Mwaka 2006 wakapunguza nafasi hadi 2,000. Tangu niisome habari hiyo, mlango wetu naufunga hadi mwisho kila ninaposhuka, hata nikifuata viazi tu.

Machi, mwanzoni

Zege. Nondo iliyotokeza darini nimeichimbua pande zote mpaka nikafika chuma kisicho na kutu, nikaisugua hadi ikang'aa, nikaipaka dawa yake, nikajaza saruji ya ukarabati isiyosinyaa. Siku 3 za kuimwagia maji kidogo kidogo. Ufa mmoja mwembamba kama unywele nimeuwekea alama za penseli kwenye ncha zote mbili na tarehe, ukirefuka nitaona.

Tundu la waya lilihitaji simu kwa halmashauri kwanza, kwa sababu ganda la chumba halitobolewi wala kuzibwa kiholela. Jibu lilikuwa fupi: ama waya upite kwenye kipenyo maalumu kilichoidhinishwa, ama utolewe na tundu lizibwe kwa zege. Tumeutoa. Intaneti sasa inapita ngazini, binti yangu amelalamika siku mbili, akazoea. Povu lilitoka lote kwa kisu cha karatasi. Nikalichokoa tundu lipanuke katikati kuliko midomoni, ili plagi ya saruji isiweze kusukumwa kwenda upande wowote.

Shemeji aliuliza kwa nini tujisumbue na tundu la kidole wakati kuta ni nene hivi. Nikachora. Vumbi lenye mionzi linaanguka juu ya paa na bustanini, na miale yake ya gama inapita vitu. Sentimita 6 hivi za zege huipunguza nusu. Udongo ulioshindiliwa huhitaji sentimita 9. Dari letu lina sentimita 30, yaani nusu ya nusu mara 5, ibaki sehemu 1 kati ya 32, na hapo sijahesabu sakafu na paa la nyumba yenyewe. Kwa miale, tundu la kidole ni dogo sana. Kwa vumbi lenyewe, na kwa gesi, tundu la kidole ni mlango.

Nilimwonyesha na hesabu ya pili, ambayo watu wengi hawaijui na ndiyo inayofanya chumba kiwe na maana: muda ukizidishwa mara 7, ukali wa mionzi hushuka hadi sehemu ya 10. Chukua kipimo cha saa 1 baada ya mlipuko ukiite 100. Baada ya saa 7 ni 10. Baada ya siku 2 ni 1. Baada ya wiki 2 ni sehemu ya 10 ya 1. Ni makadirio, na hayafai kwa ajali ya kinu cha umeme, ambako mchanganyiko wa vitu ni mwingine. Lakini ndiyo sababu chumba kinapangwa kwa siku na wiki.

Machi, mwishoni

Mpira wa mlango umefika na umekaa. Nimekata maungio kwa mshazari, nikayaweka pembeni katikati ya kimo, mbali na kona. Chaki imetoa mstari mzima.

Tundu la dharura sasa. Kifuniko cha zege kiko ndani, nyuma yake kuna kishimo kinachopanda hadi bustanini, juu kuna wavu wa chuma. Tulipotoa wavu tulikuta majani ya miaka, mizizi ya ua wa jirani, na chura mmoja mwenye hasira. Chini kabisa kuna tundu la kutolea maji. Lilikuwa limeziba, na maji yamesimama kimo cha kifundo. Hapo ndipo unyevu wa chumba ulipokuwa ukitoka. Nilikuwa nimezilaumu kuta za mashariki wiki nzima.

Bomba la mifereji tulilizibua kwa waya mrefu wa mafundi bomba na ndoo nyingi. Mizizi nimeikata, na jirani amekubali kupunguza ua wake. Tulizungumza penye ua kwa heshima zote, kwani bibi huyo ana umri wa mama yangu. Juu ya wavu nimeongeza wavu mwembamba wa chuma cha pua dhidi ya majani. Unainuliwa kwa mkono kutoka chini bila spana, maana anayetokea huko hatakuwa na spana.

Kwenye ukuta wa kishimo ndipo hewa ya chumba inapoingilia, kupitia vali ya mlipuko. Ni kisahani cha chuma kinachosimama wazi siku zote. Shinikizo likija linakigonga kifunge chenyewe, likipita kinaachia. Hakuna umeme wala mtu wa kukifunga, kwa sababu mlipuko haumngojei mtu. Kisahani chetu kilikuwa kimeshikwa na kutu na utando wa buibui. Nimekisafisha mpaka kidole kimoja kinakisukuma na kinarudi.

Aprili, mashine ya hewa

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa naisubiri na kuiogopa.

Watu wanane waliofungiwa kwenye chumba kidogo hawafi kwa kukosa chakula. Kabla ya njaa wataanza kuumwa kichwa kwa hewa waliyoitoa wenyewe, kisha joto. Ndiyo maana kila chumba kina feni yenye mota ya umeme na hendeli ya mkono. Yetu ni ya ukubwa wa mita za ujazo 40 kwa saa ikipita kwenye kichujio cha gesi, na 80 ikivuta hewa ya kawaida. Mpango wa nchi ni mita za ujazo 3 kwa saa kwa kila mtu wakati wa kichujio na 6 wakati wa kawaida, kwa hiyo mashine ina akiba kwa watu wetu 8.

Njia ya hewa ni hii: kishimo cha bustani, vali ya mlipuko, kichujio cha awali cha kuzuia vumbi kubwa, bomba linalokunjika, feni, chumba. Hatari ikitangazwa, bomba linahamishwa ili hewa ipite kwanza kwenye kichujio cha gesi, kopo kubwa la chuma lenye kichujio cha vumbi laini na mkaa maalumu ndani. Kopo hilo silifungui. Midomo yake yote miwili ina vizibo, na vizibo vina lakiri. Mkaa unavuta unyevu wa hewa na kuchoka taratibu, kwa hiyo kichujio kilichofunguliwa kwa udadisi kimeharibika hata kama kinaonekana kipya. Lakiri zetu ni nzima. Nimezipiga picha na kuondoka hapo.

Kichujio hicho hakitengenezi oksijeni, na hakizuii monoksidi ya kaboni. Nyumba ikiungua juu yetu, kopo halitusaidii. Kwa sababu hiyo hiyo mishumaa na majiko ya gesi havishuki chini. Taa zetu ni za betri.

Bomba linalokunjika lilikuwa limepasuka kwenye mikunjo, mpira umekauka. Nimeagiza. Mota ya umeme sikuigusa. Kazi ya nyaya hapa ina wenye leseni, na fundi umeme amekuja akapima, akasema iko salama, imeingia unyevu kidogo tu, ikaushwe. Beringi ya feni ilipiga kelele ya chuma kwa chuma. Nimeisafisha na kuipa grisi kidogo, sasa inavuma tu.

Kisha hendeli. Nilizungusha kufuata mshale hadi sindano ya kipimo ikafika kwenye alama, halafu nikajitahidi kuishikilia hapo. Si kazi nzito, lakini haikusamehei: ukiongea sindano inashuka, ukibadilisha mkono inashuka. Watoto walipanga zamu kwa furaha kubwa iliyoisha upesi. Kwa watu wanane wenye zamu inawezekana. Kwa wazee wawili peke yao sioni.

Hewa inayosukumwa ndani lazima itoke, na inatokea mahali pamoja tu, vali ya shinikizo karibu na mlango. Sahani yake inainuka shinikizo la ndani likizidi la nje kidogo. Maana yake, mahali popote penye ufa hewa inatoka na haiingii. Hilo ndilo linalozuia gesi na vumbi, kuliko unene wa ukuta.

Kulijaribu hilo nilitumia udi. Dada yangu hunitumia vijiti vya udi kutoka Dar, na moshi wake unaonekana vizuri kwenye mwanga wa tochi. Nilifunga mlango, shemeji akazungusha hendeli, nikatembea na kijiti pole pole kando ya kila maungio. Kwenye mpira mpya moshi ulipanda wima. Kwenye tundu la waya, wima. Kwenye vali uliinama na kutoka kama inavyotakiwa. Upande wa mashariki, bomba la kupasha joto nyumba linapopenya ukuta, moshi ulivutwa ukapotea ndani ya ufa kati ya bomba na zege. Hilo sikuwa nimeliona kwa macho.

Kwa sasa nimelisafisha na kulijaza dawa ya muda. Kuziba kwa kudumu kunataka kifungio maalumu kwa sababu bomba linatanuka na kusinyaa.

Aprili, unyevu

Tangu maji ya kishimo yaondoke, kipima unyevu kimeshuka hadi 71. Nataka 60 au chini.

Hapa baba mkwe na mimi hatukubaliani. Kwa miaka yote amekuwa akifungua kidirisha cha korido ya chini wakati wa kiangazi, "hewa safi ikaushe chumba." Ni wazo zuri mwezi wa 1, wakati hewa ya nje ni baridi na kavu. Mwezi wa 7 ni kinyume. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 60, inaanza kutona maji ikikutana na kitu cha nyuzi 19 na kushuka. Ukuta wetu wa chini uko kwenye 16. Anayefungua dirisha siku hiyo anamwagilia ukuta.

Nilimweleza kwa jedwali la namba. Aliangalia muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo nimeotesha ukungu kwa miaka 40." Nikamwambia, "Mzee, umeotesha pia viazi." Kidirisha sasa kina karatasi yenye miezi iliyoruhusiwa, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mashine ya kukausha hewa inafanya kazi usiku. Ukungu nimeuosha kwa spiriti, nikiwa na barakoa. Chumvi ya ukutani imepigwa brashi kavu, haijapakwa rangi juu. Ukuta wa zege unaotoa maji usifungwe mdomo. Rafu mpya nimeziacha nafasi ya kiganja kutoka ukutani.

Mei, mwanzoni

Vitanda vya deka tatu vilikuwa vimefungwa kwenye karatasi gereji. Skrubu zote zipo. Nimevisimamisha mara moja, nikavipiga picha hatua kwa hatua, nikavibomoa. Kitanda cha karibu na kichujio nimekihamisha kwenye mchoro, kwa sababu vumbi lote lenye mionzi linaloletwa na hewa litakusanyika humo kichujioni, na mtu hapaswi kulala kichwa chake hapo.

Choo kikavu kipo, mifuko yake ilikuwa imepauka na kukatika, mipya imenunuliwa. Serikali inashauri kila nyumba iweke lita 9 za maji kwa mtu na chakula cha kama wiki moja. Kwa nafasi 8 ni lita 72. Wife ameongeza maharage, mchele, na chai ya majani ambayo mama mkwe anaiita kali mno.

Baba mkwe aliuliza wanane ni akina nani, kwani sisi ni sita. Nafasi hugawanywa na halmashauri wakati wa hatari, na wasio na chumba hupewa kwenye chumba cha jirani. Bibi wa ua hana chumba. Nimempelekea mbegu za nyanya, nikamwonyesha mlango unafungwaje.

Mei, siku ya ukaguzi

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye tochi kali na maneno machache. Alifunga mlango mwenyewe. Alisukuma kisahani cha vali kwa kalamu. Alizungusha hendeli, akasoma sindano, akaandika. Alitazama lakiri za kichujio kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Plagi ya tundu la waya aliigonga kwa nyundo ndogo, akaitikia kwa kichwa.

Matokeo: mlango na tundu la dharura vimepita. Zege limepita. Bomba la kupasha joto linataka kifungio, kama nilivyodhani. Mashine inafanya kazi lakini ni ya tangu 1976, pamoja na kichujio chake, kwa hiyo inaingia kwenye orodha ya zinazopaswa kubadilishwa. Hadi hapo iendeshwe mara moja kwa mwaka kwa hewa ya kawaida, lakiri zisiguswe.

Nikamuuliza nini anachokikuta kibovu mara nyingi kwenye nyumba za watu. Akasema mipira iliyopakwa rangi, na matundu ya waya wa intaneti. Shemeji alicheka hadi akatoka nje.

Juni

Kifungio cha bomba la mashariki kimeagizwa. Muuzaji anasema wiki kadhaa. Bomba linalokunjika limefika na limefungwa, sindano sasa inafika kwenye alama bila kupambana. Unyevu: 63, huku nje kukiwa na nyuzi 29 na kidirisha kikiwa kimefungwa. Ncha za ufa wa darini ziko pale pale kwenye penseli.

Mvinyo umerudi chini. Viazi bado, baba mkwe anataka rafu yao iwe karibu na mlango, mimi naitaka mbali na vali. Kifungio kikifika nitarudia kipimo cha udi upande huo, kisha nitapanga na fundi umeme siku ya kuendesha mashine mwakani.